Kadi ya Imetosha

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wa kituo hiki kilichotulea. Mwalimu wetu tunayekuaga leo, ambaye kwenye ratiba umeandikwa kwa jina refu la kiofisi lakini nyumbani kwetu huna jina jingine zaidi ya Mwalimu Subiri. Wataalamu wa tiba ya tabia. Wazazi na walezi wenzangu. Majirani mliokuja kwa mapenzi, na ninyi wachache mliokuja kwa sababu mlisikia kutakuwa na chakula. Mkwe wangu uliyewaziba watu kwa kamera. Na wewe mjukuu wangu uliyeingia chini ya meza kuu ukakaa katikati ya miguu ya viongozi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Aliye chini ya meza nimemtaja mwisho, lakini kwa madaraka yeye ndiye wa kwanza hapa, na nitaeleza kwa nini.

Mshereheshaji ameninong'oneza kwamba niseme kwa ufupi. Simlaumu. Suti aliyovaa nimeishona mimi, na siku ya kumpima nilimsimamisha na pini begani mpaka nikamaliza habari za ukoo mzima wa mama yangu. Lakini ondoeni wasiwasi, ndugu zangu, kwa sababu leo muda wangu hauko mikononi mwangu wala mwake. Uko kwa mjukuu wangu. Shingoni amevaa kadi yenye picha ya kiganja kilichofunguliwa, na kadi hiyo ina maana moja tu: Imetosha. Akimpa mtu kadi hiyo, mtu huyo huacha analolifanya pale pale, awe amefika mwisho wa sentensi au hajafika. Ndiyo sheria ya nyumba yetu, na nimeahidi kuitii hata mbele ya mgeni rasmi. Kwa hiyo atakayechoka na hotuba hii asihangaike kukohoa. Aombe tu mtoto atoke chini ya meza.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni ya harusi, sare za shule na chochote kingine kinachohitaji uzi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi na binti yangu, muuguzi yule pale ambaye ameanza kufuta machozi kabla sijasema neno la kuliza, pamoja na mumewe mwenye kamera. Mjukuu wetu ana usonji. Amekulia katikati ya miguu ya cherehani, na tangu ajue kutembea tumemwita Mkaguzi, kwa sababu hakuna mlango ulioachwa nusu wazi, kifuniko kilichokaa upande wala kiatu kilichotupwa ovyo ambacho hakitapita mikononi mwake.

Naomba mnielewe vizuri hapo kwenye viatu, maana vitarudi. Kwetu viatu vina mahali patatu, na aliyepanga hivyo si mimi. Viatu vya wenye nyumba hukaa ndani, ukutani, kwa mstari ulionyooka kuliko mishono yangu. Viatu vya mama yake, kila asubuhi, Mkaguzi huvitoa kwenye mstari, akaviweka mlangoni na kuvigeuza ncha zitazame nje, kwa kuwa mama anakwenda kazini na jioni atarudi. Na viatu vya mtu asiyemtaka huvitoa nje kabisa, iwe jua, iwe mvua, bila kujali cheo cha mwenye navyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sikwambii haya kwa kupoteza muda. Nimekuona ukivua viatu taratibu wakati mshereheshaji anasoma ratiba. Hujakosea, viatu vipya vinabana, na wengine wote mezani wamefanya kama wewe. Nakuomba tu usiiname kuvitafuta. Havipo.

Ndugu wageni, nyote mnajua tumekuja kumuaga Mwalimu Subiri, anayestaafu baada ya kazi ndefu ya kufundisha watoto wenye usonji, na kazi ndefu zaidi ya kufundisha bibi zao. Lakini nyumbani kwetu leo si siku ya kuaga tu. Ni siku ya mtihani. Kuanzia kesho Mkaguzi anakabidhiwa kwa mwalimu mpya, bwana yule mkubwa aliyekaa karibu na dirisha na kufuta jasho. Alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kusomea kazi hii, na sauti yake ilizoea kuvuka uwanja, ndiyo maana tumemwita Mwalimu Kipenga. Kituo hakina mwalimu mwingine wa kumpangia mjukuu wangu. Asipomkubali huyu, atabaki nyumbani mpaka apatikane mwingine, na sisi tulioonja siku za kukaa nyumbani tunajua zilivyo. Na Mkaguzi mnamwona tu, hammjui. Mwaka jana nilibadilisha pazia la chumba cha mbele. Alikataa kukanyaga chumba hicho mpaka nikarudisha pazia la zamani, lile lenye tundu. Kama pazia limekuwa vile, mwalimu itakuwaje?

Tumemwandaa, kadiri ya uwezo wetu. Mwalimu Subiri alitupa picha za kumwonyesha kila siku: picha ya Mwalimu, picha ya mkoba wake, picha ya mlango, picha ya Mwalimu Kipenga amekaa sakafuni. Mkaguzi anazitazama, anazinyoosha zikae sawa na ukingo wa meza, kisha anakwenda zake. Ameelewa kwamba Mwalimu wake anaondoka? Mimi sijui. Mama yake hajui. Hilo ndilo limetunyima raha, na ndiyo maana binti yangu ameanza kulia mapema.

Turudi nyuma kidogo. Siku ya kwanza tulipokuja hapa nilivaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilitegemea mashine. Nilitegemea angalau daktari mwenye kitu shingoni na dawa ya chupa, kijiko kimoja asubuhi na jioni. Badala yake akatoka mama mmoja mwembamba, akavua viatu, akaketi sakafuni, akaanza kumtazama mjukuu wangu anavyozungusha kifuniko cha sufuria tulichokuja nacho. Akatazama. Akaendelea kutazama. Akachukua kifuniko kingine kwenye boksi lake, naye akazungusha. Nikamnong'oneza binti yangu, "Tumetoka kote kule kuja kuangalia mtu mzima anacheza na kifuniko?"

Yule mama alisikia. Akasema bila kugeuka, "Bibi, subiri."

Kifuniko cha Mkaguzi kikaponyoka, kikaviringika mpaka kwenye goti la Mwalimu. Hakukirudisha. Alikishika, akamtazama mtoto, akanyamaza. Mimi nikafungua mdomo nimsaidie mjukuu wangu: sema nipe, sema tafadhali, msalimie Mwalimu kwanza. "Bibi, subiri." Nikafunga mdomo. Wanaonijua wanajua lilivyo jambo hilo. Tukasubiri. Ndipo mkono wa Mkaguzi ukanyooka, polepole, kiganja juu. Kabla haujanyooka vizuri kifuniko kilikuwa kimeshafika. "Umeomba kifuniko," Mwalimu akamwambia. "Hiki hapa."

Basi. Ilikuwa hiyo tu. Lakini mimi niliyemlea tangu anazaliwa, sikuwa nimewahi kumwona akimwomba mtu kitu. Alikuwa akilia mpaka tubahatishe. Nilitaka kupiga vigelegele, Mwalimu akaniwahi kwa jicho, nikavimeza, na nadhani bado viko hapa kifuani.

Majirani waliniuliza, hiyo tiba ya tabia ndiyo kumtia adabu? Nikawaambia ushauri wa fimbo tulishaupata bure, mpaka kwa muuza mboga. Tiba ya tabia, kwa jinsi fundi cherehani nilivyoielewa, ni kumpima mtu kabla ya kukata kitambaa. Unaangalia anapenda nini na anakimbia nini. Unauliza, kabla ya jambo hili kulikuwa na nini, na baada yake alipata nini? Kisha unamfundisha kipande kidogo, akikipata unamsifu hapo hapo, tena kwa kutaja alichofanya, ndipo mnakwenda kwenye kipande kingine. Na vingine unaviacha kama vilivyo. Nilimwomba Mwalimu amwachishe ile kazi ya viatu. Akaniuliza, "Kwani viatu vinamuumiza nani, Bibi?" Nikasema vinaniaibisha mbele ya wateja. Akasema, "Basi hiyo ni tabia yako. Tutaishughulikia tukipata nafasi."

Hajaipata mpaka leo.

Sasa nifike kwa bibi harusi. Hayupo hapa, lakini amenipa ruhusa nimseme. Alikuja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho, wiki ile ile ya harusi yake. Amekuja na mama yake na shangazi zake, wote wanazungumza kwa pamoja, cherehani zote zinaunguruma, redio imewashwa, pasi inafoka mvuke. Mkaguzi akapita katikati ya wale shangazi, akafika kwa bibi harusi, akamuuma mkono. Hakumgusa tu kwa meno. Alimuuma mpaka ungeweza kuhesabu meno yaliyong'oka na yaliyoota. Gauni lilikuwa halina mikono. Nikalishonea mikono mirefu ya lesi mpaka kwenye vidole, nikawaambia ndio mtindo wa sasa. Watu waliipenda mno ile mikono. Mpaka leo wateja wanakuja kuniomba "mikono kama ya yule bibi harusi," na sijawahi kuwaeleza ubunifu ule ulitoka kinywani mwa nani.

Leo tunacheka. Siku ile hatukucheka. Mama wa bibi harusi alisema mtoto wa aina hii hufungiwa. Jioni binti yangu alirudi kutoka kazini, akasikia habari, akakaa kwenye kigoda cha kupimia watu akiwa bado na sare yake. Akasema ataacha kazi, akae na mwanawe chumba cha nyuma, mlango ufungwe, watu wapumzike. Binti aliyesomea kazi yake kwa jasho, anayeipenda. Alisema hivyo bila kupandisha sauti.

Kesho yake Mwalimu Subiri alikuja nyumbani. Akavua viatu, akaketi kwenye kona, katikati ya majora ya vitambaa. Akauliza, "Kabla ya kuuma alifanya nini?" Tukajibu kwa kauli moja: hakufanya kitu, alikuwa ametulia, mara akauma. Akasema neno lake lile lile, subirini. Tukasubiri. Akaja mteja, cherehani zikaanza, mimi nikaanza kumsimulia mteja habari za goti langu, na Mwalimu akawa ananionyesha kwa kidole: "Ona, ameziba masikio. Ona, amekwenda mlangoni, amerudi. Sasa anakuvuta sketi, Bibi. Huyu mtoto anasema imetosha tangu mteja ameingia. Hamkusikia. Meno ni kwa wale wasiosikia."

Ile kadi ya kiganja ilianzia hapo. Mwalimu aliiweka mkononi mwa mjukuu wangu, akauongoza mkono wake mpaka kwangu, nikapewa kadi. Nilikuwa katikati ya habari za goti, tena mahali pazuri kabisa. Nikanyamaza, nikasimamisha cherehani, msichana ninayemfundisha kushona akazima redio. Mwalimu akamwambia, "Umesema imetosha. Tumesikia." Mkaguzi aliangalia cherehani, akaniangalia mimi, akaiangalia kadi, kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba nzima. Hajamuuma mtu tena mpaka leo. Mteja naye, nina hakika, alishukuru.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi nikiona kitu kinafaa huwa sishoni kimoja. Nilichukua ile kadi, nikatengeneza nyingine kama hiyo za kitambaa kigumu, nikatia pindo, nikashona kishikizo, nikazitundika kila chumba: jikoni, sebuleni, bafuni, mpaka kwenye kamba ya nguo. Nyumba ilijaa viganja. Na sheria ilikuwa ni kutii. Basi kwa muda wa wiki nzima hakuna aliyemaliza sentensi wala sahani ya chakula kwetu. Mkaguzi aliingia bafuni, akatoa kadi, akatoka mkavu. Mkwe wangu alipewa kadi akiwa amenyoa shavu moja. Akaenda kazini hivyo hivyo, kwa kuwa ni mtu wa sheria. Msoma mita ya umeme alipewa kadi mlangoni, akaisoma, akaondoka, na sijui siku ile aliandika nini. Sisi tulikuwa tumekaa kila mtu kwenye kiti chake, tumenyamaza, tunaogopa kuanza jambo.

Mwalimu alipokuja akakuta hali ile, aliinamisha kichwa juu ya cherehani yangu akacheka mpaka mabega yakatikisika. Nilipomuuliza kinachomchekesha, Mkaguzi akampa kadi, naye akaacha kucheka pale pale, machozi yakimtoka. Hiyo ndiyo heshima, ndugu zangu. Kisha akatoa mkobani kadi nyekundu ya Subiri. Akamfundisha kwamba imetosha itasikiwa kila mara, ila mengine yanasubiri kidogo. Kwanza kusubiri pumzi moja tu, kadi nyekundu ikiwa mkononi, halafu anapata alichotaka. Halafu kusubiri mpaka povu lioshwe. Halafu mpaka baba yake amalize shavu la pili. Nilizikusanya kadi zangu zote, nikamwachia ile moja anayoivaa. Na mimi nikapewa kadi nyekundu ya kwangu mwenyewe. Ninayo mfukoni hapa, na ninaomba Mungu nisiihitaji leo.

Tukizungumzia kutii, hatuwezi kumruka mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumba nzima tunamwita Mjomba. Simama Mjomba, watu wakuone. Asante, umesimama vizuri sana. Mnaona ninavyosifu kwa kutaja jambo lenyewe. Mjomba alikuja kwetu kwa siku mbili. Mvua zikaja zikaisha, Mjomba yupo. Alikuwa na desturi ya kumbana mtoto mashavu na kumwambia, "Niangalie, niangalie usoni, sema shikamoo." Alipewa kadi ya Imetosha akaigeuza feni ya kujipepea. Viatu vyake vikatolewa nje. Akaviingiza. Vikatolewa. Ikawa ndiyo kazi yao asubuhi na jioni, kila mmoja akiwa na msimamo wake, mpaka soli zikaanza kuota majani. Mwisho Mjomba akapanga chumba mtaa wa pili, na siku hizi akitutembelea hukaa chini, hunyamaza, huondoka mapema. Wanaouliza kama tiba ya tabia inafanya kazi, mimi sina ushahidi mkubwa kuliko huo. Kaa, Mjomba. Umekaa vizuri.

Mkurugenzi, usishtuke. Ni Mkaguzi anapita chini ya meza. Amechukua na vyako.

Nimebakiza jambo moja kuhusu Mwalimu Subiri, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Alipomfundisha Mkaguzi kufungua kamba za viatu, mimi nilidhani ataanzia mwanzo, kama kila mtu. Hapana. Alifungua yeye mwenyewe, akalegeza yeye mwenyewe, akaacha kamba imebaki kuvutwa kidogo tu, ndipo akasema, "Vuta." Mkaguzi akavuta, kiatu kikafunguka, na aliyekifungua ni nani? Ni yeye. Siku nyingine akamwachia na kulegeza. Siku nyingine na lile fundo. Akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka siku moja Mwalimu hakuwa na la kufanya, akakaa tu na mikono yake mapajani. Nikamuuliza kwa nini anaanzia mwisho. Akasema, "Mimi nafanya ninachoweza, Bibi, lakini hatua ya mwisho ni yake. Mtoto huyu ameona vitu vingi vikimaliziwa na watu wengine."

Nilikwenda uani nikakaa peke yangu. Miaka yote nimefundisha wasichana kushona, na uzi wa mwisho siku zote nilikuwa nakata mimi. Siku hizi mkasi nampa mwanafunzi.

Sasa tumfikie Mwalimu Kipenga, na naomba anisamehe mapema. Siku yake ya kwanza nyumbani kwetu aliingia kwa ile sauti yake, "Habari zenu hapa," na pini zikadondoka kwenye kifuko. Ni mtu mwema, mkarimu, na ana viatu ambavyo mtoto mdogo angeweza kulala ndani yake. Saa ya kuondoka ilipofika tulikipata kimoja nje ya geti. Cha pili tulikipata baada ya siku kadhaa, kwenye pipa la maji. Alirudi kwake na ndala za binti yangu, kisigino kikiburuta chini. Ningekuwa mimi nisingerudi. Yeye kila Alhamisi amekuja, sauti akiipunguza kila mara, akikaa kwenye kona ile ile ya majora, akizungusha kifuniko chake. Na kila Alhamisi viatu vyake tumevikuta nje. Si mbali tena. Mara ya mwisho vilikuwa kizingitini. Lakini nje ni nje.

Ndugu zangu, naomba mnyamaze kidogo, na mimi nitajitahidi.

Mnaona Mkaguzi anakokwenda? Mwalimu Kipenga, usisimame. Usimsaidie, usiseme kitu, kaa hivyo hivyo na mguu wako. Mkwe wangu, shusha hiyo kamera. Tusubiri.

Ameshika kamba. Hiyo ya kwanza ina fundo baya, Mwalimu, nani alikufundisha kufunga? Subiri. Subirini tu.

Imefunguka. Na ya pili.

Mliokaa nyuma hamwoni, basi mimi nitakuwa macho yenu. Amevibeba viatu vyote viwili kifuani, vimemfika kidevuni, na anapita katikati ya viti. Mlango wa nje uko kulia kwake. Binti yangu, fungua macho, usikose kuona. Amefika mlangoni. Amesimama. Ameuangalia mlango.

Ameupita.

Amekwenda ukutani, chini ya yale maua ya karatasi, vilipo viatu vingine. Mgeni rasmi, viatu vyako ndivyo vile vya kwanza, na vya Mkurugenzi vinafuata, na zile ndala zilizochakaa ni zangu, nimezivua tangu mwanzo wa hotuba. Ameviweka vya Mwalimu Kipenga kando ya ndala zangu. Anavinyoosha. Vimekaa sawa. Mwalimu Kipenga, ukitaka kulia, lia, lakini polepole, unajua sauti yako.

Bado hajamaliza. Amechukua jozi nyingine kwenye mstari. Vile vyeusi vidogo, vilivyopinda kwa nyuma kwa sababu mwenye navyo amevivua na kuvivaa kwenye sakafu za watu maisha yake yote. Mwalimu Subiri, ni vyako. Anavipeleka mlangoni.

Hajavitoa nje. Ameviweka ndani ya mlango, pamoja. Anavigeuza. Ncha zimetazama nje.

Mama yake, umeona? Ameelewa. Tulikuwa tunamwonyesha picha na kujiuliza kama anajua kwamba Mwalimu wake anaondoka, na kumbe anajua, na amemwandalia viatu vya safari. Na Mwalimu, wewe umekuja kwetu mara nyingi, unajua viatu vinavyotazama nje ni vya mtu wa namna gani nyumbani kwetu. Ni vya mtu anayekwenda, halafu akarudi. Hilo hatukumfundisha sisi wala picha zako. Ameamua mwenyewe, na mimi nakushauri utii, maana unamjua akiamua.

Sasa anakuja huku. Nimebakiza ukurasa mzima wa shukrani, kwa Mkurugenzi na uongozi wote, kwa walimu, kwa wapishi ambao nimesikia harufu ya kazi yao tangu nianze, kwa wazazi wenzangu tuliolia pamoja kwenye lile benchi la koridoni na kuazimana vitambaa, na kadi nyekundu ninayo mfukoni, ningeweza kuitoa. Siitoi. Kadi ya kiganja imeshafika mkononi mwangu, na hatua ya mwisho ni yake.

Nawashukuru kwa masikio yenu, ndugu zangu. Mjukuu wangu, umesema imetosha. Nimesikia.